Kata

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi niandikeni: mimi ndimi kata.

Miaka minne katika zahanati ya Nyalenda,
dirisha la pili, chini ya feni isiyozunguka,
niliyachota majina.
Jina la baba, jina la mama, simu, kidole gumba,
ugonjwa, dawa, aliyekuleta, aliyekukimbia.
Mgonjwa ananong'ona, mimi nagonga vitufe,
na faragha yetu ilikuwa leso moja
iliyoning'inizwa mlangoni kwa vibanio vya nguo,
upepo wa ziwa ukiifunua upendavyo.

Jioni nilibonyeza *Tuma*.
Nikafunga dirisha, nikanunua sukuma, nikaenda zangu.
Nilidhani majina yanalala Kisumu
kama sisi wengine.
Kumbe yalishavuka Busia bila pasi,
bila kupanga foleni nyuma ya malori,
bila askari hata mmoja kuyauliza:
nyinyi, mnakwenda kwa nani?

Felgona Awuor, fundi cherehani wa Kibuye,
alikwenda Mbale kuomba mkopo wa mashine mbili.
Kijana wa benki alitazama kioo, akamtazama yeye,
akatazama kioo tena.
"Mama, kwa afya yako hii, haiwezekani."
Afya ambayo hajamwambia dada yake.
Afya aliyoniambia mimi,
nyuma ya leso.

Yupo msimamizi wa data, Bi Nafula Khisa,
ofisi ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro,
karani mmoja, mashine ya kuchapa inayokula karatasi.
Aliiandikia Sajili ya Kanda barua saba.
Jibu likaja moja, lenye muhuri mzuri:
*Sisi ni wa Jumuiya. Sheria ya nchi moja haitufikii.*
Bi Nafula alilisoma amesimama.
"Mvua nayo si ya shamba la mtu," alisema,
"lakini ikibomoa ukuta, ukuta una mwenyewe."
Akaandika ya nane. Hiyo aliipeleka mahakamani.

Novemba, majaji watatu kutoka nchi tatu
wakakaa Kisumu siku tatu,
wadudu wa ziwa wamejipaka madirishani kama masizi.
Wakili wa Sajili akasema hakuna aliyeumia,
hizi ni tarakimu tu, waheshimiwa, tarakimu.
Felgona alikuwa mstari wa nyuma, mkoba mapajani.
Hakukohoa.

Jaji wa katikati, mwanamke mwenye sauti ya chini,
akaniuliza mimi: "Ufunguo alikuwa nao nani?"
Nikasema: neno la siri lilikuwa *zahanati2*,
limebandikwa ukutani
chini ya kalenda ya kiwanda cha sukari.
Watu wakacheka.
Jaji hakucheka. Aliandika
kwa muda mrefu kuliko neno lenyewe.

Hukumu ina kurasa arobaini. Nimeisoma mara mbili,
mara ya pili kwa kamusi.
Inasema chombo cha wengi si chombo kisicho na wa kukiuliza.
Inasema atakayetaka kufungua faili la mtu
atangulie mbele ya jaji, aseme sababu, asikilizwe, akataliwe ikibidi.
Inasema msimamizi apewe mlango, si kitundu cha kuchungulia.
Inawapa miezi sita.
Miezi sita! Nimezijua ahadi zenye miguu mifupi kuliko hiyo.

Hata hivyo niliipeleka Kibuye.
Felgona alikuwa na uzi mdomoni, gauni la harusi magotini.
Nikamfungulia ukurasa wa thelathini na moja:
hapa, unaweza kuomba ufutwe.

Akautoa uzi mdomoni.
"Nifutwe? Kwani mimi ni doa?
Nataka orodha. Waliosoma, wote.
Jina la baba, jina la mama, simu, kidole gumba."

Nikamwambia orodha hiyo,
ikija siku yoyote, kutoka popote,
jina la kwanza ni langu.

Alinitazama.
Kisha akainama juu ya gauni,
akakata uzi kwa meno.